Taa ya tangi la matumbawe: itundike wapi, kwa kimo gani

Doa lilikuwa la mviringo, jeupe, ukubwa wa kisosi cha chai, katikati kabisa ya Montipora yangu. Kulizunguka doa hilo tumbawe lilikuwa zima, rangi yake ya chungwa haijapungua hata kidogo. Nilimaliza siku mbili nikiyashuku maji: nikapima chumvi, nikapima naitreti, nikabadilisha lita 20. Siku ya tatu ndipo nilipoinua macho nikaona kuwa doa limekaa sawasawa chini ya lenzi ya katikati. Taa nilikuwa nimeiweka sentimita 12 juu ya maji, kwa kuwa dukani niliikuta imewekwa hivyo na ikanipendeza.

Taa ile sikuitupa. Ndiyo hiyohiyo inayowaka sasa ninapoandika, juu ya tangi lilelile la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, sebuleni kwangu huku Sharjah, Falme za Kiarabu. Kilichobadilika ni mahali ilipo. Wengi tunapoanza tunakesha tukilinganisha wati na bei, halafu kazi ya kuitundika tunaimaliza kwa dakika kumi. Mwongozo huu unahusu hizo dakika kumi, ambazo ukizipa haki yake ni kazi ya wiki kadhaa.

Kabla ya kushika drili

Tumbawe ni mnyama, ila ndani ya nyama yake wamo wapangaji: vimwani vidogo mno vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Mwanga ukipungua, mwenye nyumba anakonda. Ukizidi, vimwani huanza kutoa oksijeni ya aina inayounguza, na tumbawe huvifukuza. Nyama hubaki kama kioo na mifupa meupe huonekana kwa ndani. Huko ndiko kupauka, kulekule kulikoupiga mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida yake. Kule chanzo kilikuwa joto. Ndani ya tangi taa peke yake inatosha kuleta hayohayo.

Mwanga ambao vimwani wanaweza kuutumia hupimwa kwa kipimo kiitwacho PAR: idadi ya chembe za mwanga, kati ya nanomita 400 na 700, zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, ikihesabiwa kwa mikromoli. Huhitaji kukariri maelezo hayo. Kariri namba. Matumbawe laini kama Sarcophyton, na vifungo vya Zoanthus, huridhika na PAR 50 hadi 150. Yale magumu yenye polipu kubwa (polipu ni kile kinywa kidogo chenye minyiri), kama Euphyllia, yaweke kati ya 75 na 200. Magumu yenye polipu ndogo, yaani Acropora, Montipora na jamaa zao, yanataka 200 hadi 350, na baadhi ya Acropora huvumilia zaidi ya hapo zikizoeshwa.

Najua kuna atakayebisha. Sisi tuliokulia Tanga tumeona wakati wa bamvua, maji yakitoka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, matumbawe ya juu yanabaki nje kabisa jua likiyapiga, na jua la ukanda wetu likiwa juu kabisa hufika karibu PAR 2,000. Mbona hayafi? Hayafi kwa sababu yameota palepale, yakachagua umbo na rangi ya kinga kwa jua lile, na maji yakirudi yanarudi na mkondo wa nguvu. Kipande ulichonunua kimekuzwa miezi kadhaa chini ya taa ya PAR 150. Hakijawahi kuliona jua.

Basi kazi ya kwanza ni rula na karatasi. Pima kutoka uso wa maji hadi kila ngazi ya mwamba wako: kilele, kati, mchangani. Chora tangi likitazamwa kutoka juu, onyesha mwamba umekaa wapi na kama kuna ukanda wa kioo unaokatiza katikati. Halafu andika tumbawe gani unataka likae wapi. Ukishachora ndipo utajua taa ina kazi gani. Tangi la matumbawe laini matupu halihitaji hata nusu ya haya yanayofuata.

Na vipande nunua vilivyokuzwa, kwa muuzaji mwenye karatasi zake. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kuwa kesi, hata kama ni kijipande ulichookota ufukweni kwenu likizo.

Aina ya taa huamua umbali

Taa za LED ndizo zilizoenea sasa. Mwanga wake hutoka kwenye sehemu ndogo, ukaelekezwa na lenzi, ndiyo maana zinaunguza doa na kuacha giza pembeni. Mirija ya T5, yaani fluoresenti nyembamba, hutapanya mwanga kama turubai lililotandazwa. Unaweza kuiweka sentimita 15 tu juu ya maji na isichome sehemu moja, mradi kila mrija uwe na kiakisi chake. Ila mirija huchoka. Ibadilishe kila miezi 9 hadi 12, na siku ya kuweka mipya inua taa kidogo au punguza saa, kwa maana mipya ina nguvu kuliko ile uliyoizoea. Taa za halaidi bado zina wapenzi wake, kwa jinsi mwanga wake unavyocheza mchangani kama jua. Hizo ziwe sentimita 30 au zaidi kutoka majini kwa sababu ya joto, na ziwe na kioo chake cha kuzuia miale ya urujuanimno. Kwa nchi zetu za joto sizipendekezi. Utakachookoa kwenye taa utakilipa kwenye mashine ya kupoza maji.

Yanayofuata yanahusu LED zaidi, kwa kuwa ndizo zinazowaponza watu.

Kimo

Tafuta kwenye karatasi ya taa pembe ya lenzi. Kama ni nyuzi 90, hesabu ni rahisi: upana wa mwanga juu ya maji ni mara mbili ya kimo. Tangi langu lina sentimita 45 kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo kwa sentimita 23 mwanga unafunika upana huo wote na kidogo tu unamwagika nje. Kama lenzi ni ya nyuzi 120, kwa kimo kilekile mwanga unatapakaa karibu sentimita 80, nusu yake ukiwamulika wageni machoni. Taa ya namna hiyo ishushe, au kubali kuiwekea kizuizi pembeni.

Mwanga uliokwisha kuingia majini hupinda kuelekea chini, na ukigonga kioo cha pembeni kwa ndani mwingi wake hurudishwa tangini. Kwa hiyo usiogope sana kuinua taa. Kinachopotea ni kile kisichoingia majini kabisa. Usiku, zima taa za sebule, washa ya tangi pekee, uangalie ukuta na sakafu. Ukiona ukuta wa nyuma umemeta kama sinema, umepanda mno.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo ningeijua mapema, doa langu lisingetokea. Mwanga unaotoka sehemu ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Tuseme taa iko sentimita 20 juu ya maji. Tumbawe la kileleni liko sentimita 5 chini ya uso, yaani 25 kutoka kwenye taa. Mchanga uko sentimita 40 chini, yaani 60. Kilele kinapata karibu mara sita ya mchanga. Inua taa sentimita 10 tu: sasa ni 35 na 70, na kilele kinapata mara nne. Kilele kimepoteza nusu ya mwanga wake, mchanga umepoteza robo tu. Majini namba haziwi safi hivi, kwa sababu ya lenzi na vioo, lakini mwelekeo ni huo: kadiri unavyoinua ndivyo tofauti ya juu na chini inavyopungua. Halafu ile nguvu iliyopotea unairudisha kwa kuongeza asilimia kwenye programu ya taa.

Kwa hiyo kanuni yangu, nayo si ya kila mtu, ni taa iwe juu kiasi na asilimia ziwe za kutosha, badala ya taa kuwa chini na asilimia kuwa kidogo. Anza kwa sentimita 25 hadi 30 kwa LED zenye lenzi. Ukiona hata kwa asilimia 90 mchanga haufikishi PAR unayotaka, taa moja haikutoshi.

Idadi nayo ina mipaka yake. LED moja ya mraba, hata ikiwa ya bei kali, hufunika vizuri eneo la kama sentimita 60 kwa 60. Kwenye tangi la sentimita 90 moja itamulika katikati na kuacha pembe mbili za huzuni. Mbili dhaifu zina faida kuliko moja kali, kwa sababu kila tumbawe linapata mwanga kutoka pande mbili na kivuli cha moja kinafutwa na nyingine. Tawi la Acropora lenye kivuli cha kudumu hufa kuanzia chini, na ukilitazama kwa mbele hujui hadi limefika katikati.

Mbele kidogo ya katikati

Kama tangi lina ukanda wa kioo katikati, usitundike taa juu yake. Chumvi hukaa pale na kivuli chake ni mstari wa kudumu. Gawa urefu wa tangi kwa idadi ya taa, kila moja ikae katikati ya sehemu yake. Kwa sentimita 90 na taa mbili, moja iwe sentimita 22 kutoka kushoto, nyingine 22 kutoka kulia.

Kwa mbele na nyuma, wengi huweka katikati kabisa. Mimi nasogeza sentimita tano hadi saba mbele. Tumbawe hujijenga kuelekea taa, na wewe unakaa mbele. Taa ikiwa nyuma ya mwamba utatazama upande wenye kivuli maisha yako yote. Kuna gharama yake: kioo cha mbele kitaota mwani haraka zaidi, na utakikwangua mara mbili kwa wiki badala ya moja. Nimekubali.

Kuitundika

Fleti nyingi huku zina dari ya jipsamu, na huko nyumbani nako siku hizi nyumba haijaisha bila jipsamu. Jipsamu haibebi taa. Ukifunga skrubu kwenye jipsamu tupu, siku moja taa itaingia majini ikiwaka. Tafuta mbao iliyo nyuma yake au toboa hadi kwenye zege. Kama mwenye nyumba hataki matundu, tumia mkono wa chuma unaofungwa kwenye kabati la tangi au kwenye ukingo wa kioo, na usome kwanza ukingo wako una unene gani. Nyaya za chuma za kutundikia zina faida moja kubwa: unapandisha na kushusha kwa kidole. Mkono wa chuma una yake: taa haiyumbi feni ikiwashwa.

Acha nafasi ya kiganja juu ya taa ili joto litoke. Waya wa umeme ushuke chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji ya chumvi likitiririka lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye plagi. Na laini hiyo ya umeme iwe na breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Hapa sina utani. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya bomba, na mkono wako unaingia tangini kila siku.

Kupima

Simu haitakusaidia sana. Programu zake hupima mwanga kama jicho linavyouona, na jicho ni dhaifu kwa buluu, wakati taa za matumbawe karibu zote zimeegemea buluu. Utapata namba ndogo, utaongeza, utaunguza. Inafaa tu kulinganisha pembe na pembe chini ya taa ileile.

Kipimo cha kweli ni kihisi cha PAR cha kuzamisha majini. Cha Apogee aina ya MQ-510 ndicho kinachotajwa zaidi kwa kuwa kimerekebishwa kwa matumizi ya ndani ya maji. Bei yake inauma kwa kazi ya siku moja. Sisi hapa tulichanga watu wanne, kinazunguka. Baadhi ya maduka hukodisha.

Washa taa kwa asilimia utakazotumia mchana, acha pampu zikiendelea, subiri dakika kumi. Zamisha kihisi kikitazama juu wima, si kuelekea taa. Namba itarukaruka kwa sababu ya mawimbi. Itazame kwa sekunde ishirini, chukua ya katikati. Anza kileleni, teremka ngazi kwa ngazi, halafu pembe nne za mchanga. Siku ya kwanza baada ya kuinua taa hadi sentimita 28, kwa asilimia 60, mimi nilipata 240 kileleni, 150 kwenye ngazi ya kati, 70 mchangani mbele, na 40 tu kwenye pembe ya nyuma kulia. Pembe ile nikaipa uyoga wa bahari, Discosoma, na haijalalamika. Si kila mahali lazima pafike mia mbili; mahali pa giza pana mpangaji wake.

Kama una wavu wa kuzuia samaki wasiruke, usiuondoe unapopima. Kama una kifuniko cha kioo, kisafishe kwanza, kwa maana ukoko wa chumvi hula mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Na ukiweka mkaa mpya wa kuchuja, kumbuka maji yaliyokuwa na umanjano yatang'aa ghafla, na matumbawe yatapata mwanga zaidi bila wewe kugusa taa. Siku hiyo punguza asilimia kidogo.

Saa za kuwaka

Kinacholisha tumbawe ni jumla ya siku nzima. PAR 200 kwa saa 9 ni kama moli 6.5 kwa mita ya mraba. PAR 130 kwa saa 14 ni hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anayeongeza saa za usiku ili wageni waone tangi huongeza dozi bila kujua. Saa 8 hadi 10 za mwanga kamili zinatosha, na kabla na baada yake uwepo mpando na mshuko wa saa moja. Mimi nimeanzisha mchana wa tangi saa sita, ili nirudipo kazini jioni nikute bado kweupe.

Buluu iongoze, kati ya nanomita 420 na 480, kwa kuwa ndiyo vimwani hutumia zaidi na ndiyo huwasha zile rangi za kung'aa. Nyekundu iwe ya kuonjesha tu. Baharini nyekundu humezwa na maji katika mita chache za juu.

Kwa wanaoishi panapokatika umeme: hakikisha taa yako inakumbuka saa baada ya giza. Nyingine hurudi zikiwaka kwa nguvu zote kana kwamba ni adhuhuri, hata kama ni saa nane usiku. Ijaribu mwenyewe kwa kuchomoa plagi.

Kuzoesha

Hapa ndipo subira inapolipa. Taa mpya ianze kwenye nusu ya lengo, kisha iongezwe asilimia 5 kila wiki. Tumbawe jipya lianze mchangani, hata kama ni Acropora, likae wiki mbili, kisha lipande ngazi moja, likae tena. Usisogeze taa na tumbawe katika wiki ileile, wala usibadilishe kimo na asilimia kwa pamoja. Likitokea tatizo hutajua nani mkosaji.

Wakati huo jifunze kulisoma. Linalopata mwanga kidogo huwa la kahawia, kwa kuwa vimwani huongezeka ili wakusanye kilichopo. Matawi hurefuka na polipu hujinyoosha kuelekea juu. Linalozidiwa hupauka kwanza upande wa juu, polipu zake hubaki zimejificha mchana, na Euphyllia hunywea kama mkono uliorudi ndani ya shati. Ila tahadhari: kahawia huletwa pia na naitreti nyingi, na kupauka huletwa pia na joto. Angalia umbo la madhara. Taa huunguza kuanzia juu na huacha vivuli salama. Joto na maji havichagui upande.

Na ujue kuwa mwanga mwingi huongeza njaa. Tumbawe linalokua haraka linakula kalsiamu na alkalini (kaboneti za majini linazojengea mifupa) haraka. Niliporudisha mwanga hadi 250 kileleni, alkalini iliyokuwa ikishuka polepole ilianza kushuka mara mbili ya awali, na kwa wiki moja ncha za Acropora zikawa nyeupe kabla sijagundua kuwa sikuongeza dozi. Pima alkalini kila siku mbili katika mwezi wa kwanza baada ya kubadilisha taa.

Ukiona dalili ya kuungua, usizime taa. Punguza asilimia kwa kama 20 au ulishushe tumbawe ngazi moja, kisha uliache. Montipora yangu iliziba doa lake kwa miezi mitatu, ikianzia ukingoni kuja katikati, milimita kwa milimita.

Kila Ijumaa zima taa, futa lenzi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kila baada ya miezi sita rudisha kihisi majini. Acropora ikishiba inaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo ncha uliyoipima kwa 240 sasa imekaribia taa bila kukuaga, na tawi lililo chini yake limeingia kivulini. Kwenye nyaya zangu nimezungusha tepu nyeusi pale kimo cha sasa kilipo, na juu yake nimeandika tarehe kwa wino mweupe. Tepu ziko tatu sasa, kila moja juu kidogo ya iliyotangulia.